Je, Wajua? Aspen, Mji wa Fedha Uliofufuliwa na Theluji

Je, wajua kuwa Aspen, mji wa Colorado nchini Marekani unaojaa matajiri kila msimu wa skii, ulianzishwa na wachimba madini? Walipiga kambi pale mwaka 1879, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wakitafuta madini ya fedha. Gavana aliwaamuru warudi, maana ardhi ile ilikuwa ya Wayute. Hawakusikia. Kambi wakaiita Ute City. Mwaka 1880 jina likabadilishwa kuwa Aspen, na 1881 Wayute wengi wa Colorado wakahamishwa kwa nguvu kwenda Utah. Jambo hili lisirukwe kila mji huo unaposifiwa.

Je, wajua kilichouangusha? Tangu 1890 sheria iliitaka serikali ya Marekani inunue wakia milioni 4.5 za fedha kila mwezi. Juni 1893 viwanda vya kufua sarafu vya India, vilivyotengeneza rupia iliyotumika pia Unguja na Mombasa, vikaacha kupokea fedha ya watu binafsi. Bei ikaporomoka. Novemba mwaka huohuo, Marekani nayo ikafuta ununuzi wake. Migodi mingi ikafungwa, watu wakatawanyika. Sensa ya 1930 ilihesabu watu 705 tu.

Mwaka 1894, soko likiwa limeshakufa, mgodi wa Smuggler wa Aspen ulitoa pande la fedha lenye uzito wa zaidi ya kilo 800.

Je, wajua watelezaji wa kwanza wa skii Aspen walipandaje mlima? Mwishoni mwa miaka ya 1930 walikaa kwenye sleji za mbao zilizovutwa na winchi kuukuu za mgodini, zikizungushwa na injini ya gari.

Na lifti ya viti? Ilibuniwa 1936 kwa ajili ya Sun Valley, Idaho. James Curran, mhandisi wa reli, alichukua wazo kutoka kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini, kisha akaweka kiti mahali pa mkungu. Aspen ilipofungua yake, majira ya baridi ya 1946 hadi 1947, ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote duniani.

Friedl Pfeifer, mmoja wa waliosimamisha mradi huo, alikuwa Mwaustria aliyepigana upande wa Marekani katika kikosi cha milimani, akajeruhiwa Italia. Mtaji ulitafutwa na Walter Paepcke, mwenye kampuni ya maboksi ya Chicago.

Mwaka 1949 Paepcke aliandaa sherehe ya miaka 200 ya kuzaliwa kwa Goethe, mwandishi wa Kijerumani. Mgeni rasmi alikuwa Albert Schweitzer, daktari wa hospitali ya Lambaréné, Gabon. Hakuwahi kuzuru Marekani kabla ya hapo, wala hakurudi tena.

Lakini kati ya miji ya fedha iliyogeukia skii, mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa Park City, Utah. Kampuni ya migodi yenyewe ilipoona fedha hailipi, ilifungua uwanja wa skii mwaka 1963. Watelezaji walivaa vifaa vyao, wakapanda treni ya wachimbaji, wakapita gizani karibu kilomita 5 ndani ya mlima, kisha lifti ya mgodi ikawainua zaidi ya mita 500 hadi juu, kwenye theluji na jua. Mwaka 2002 mji huo ulipokea baadhi ya mashindano ya Olimpiki.

Je, wajua kwamba madini huacha deni? Mwaka 1986 eneo la Smuggler huko Aspen, lenye nyumba za watu, liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya sehemu zilizochafuliwa, kwa sababu ya madini ya risasi kwenye udongo. Liliondolewa 1999.

Leo watu wengi wanaotandika vitanda na kupika katika hoteli za Aspen hawamudu kuishi humo. Wapo wanaosafiri kila siku kutoka Rifle, zaidi ya kilomita 100. Mji na kaunti husimamia takriban nyumba 3,000 za wafanyakazi, na bado hazitoshi.