Samaki wa Aina Mbili, Tangi Moja: Nani Akae na Nani?

Sofa lipo, pazia zimetulia, runinga iko ukutani, lakini sebule bado imepooza. Mama anataka maua, baba anataka spika kubwa zaidi. Kabla hamjanuniana, kuna jibu la tatu: tangi la samaki. Na ninyi mliopangiwa kazi Kasulu au Kibondo, walimu, manesi, maofisa wa halmashauri, watu wa mashirika, mna bahati ambayo mshikaji wa Berlin anailipia mkwanja mrefu. Ukiteremka na barabara ya Kigoma unalikuta Ziwa Tanganyika, kina chake mita 1,470, na ndani yake zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo mmoja na sato na perege. Karibu wote hawapatikani ziwa jingine lolote duniani.

Huko Ulaya wenye maduka ya samaki wanayajua majina ya kwetu kuliko unavyodhani. Samaki huuzwa kwa jina la alikotoka: wa "Kigoma", wa "Maswa", wa "Ikola". Biashara yenyewe ilishika kasi miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akiwasafirisha kutoka Burundi, jirani zetu hapo tu ng'ambo ya mpaka. Mmoja wa samaki hao alipewa jina lake mwaka 1974, na madukani huitwa binti mfalme wa Burundi. Tutarudi kwake, maana ana mambo yake. Hata kuhe unayemla kwa ugali pale Kasulu ni ndugu yao, miongoni mwa wakubwa kuliko wote katika ukoo huo. Na kwa taarifa tu ya akina baba: kuhe dume hulinda watoto pamoja na mama yao.

Tatizo huanza mnapochagua kwa macho. Yeye kapenda huyu wa njano, wewe umependa yule mwenye nundu kichwani, mnawatia tangi moja. Wiki haijaisha:

"Mama Neema, huyu wa kwako ameanza tena."

"Wa kwangu? Si wewe uliyemleta, baba Neema?"

Tumchukue huyo mwenye nundu. Anaitwa Cyphotilapia frontosa, na wa Kigoma anasifika kwa mistari yake saba myeusi. Ni bomba, hakuna ubishi. Ana mwendo wa taratibu kama mzee wa baraza, utadhani hana neno na mtu. Lakini hukua kupita sentimita 30, na kule ziwani chakula chake ni pamoja na Cyprichromis, samaki wembamba wanaoogelea kwa makundi. Huwavizia gizani wakiwa wametulia. Ukimweka nao kwenye tangi la sebuleni, unakuta asubuhi idadi imepungua na mzee wa baraza ameshiba. Hakuna ugomvi uliosikika usiku.

Kosa la pili ni la jikoni. Tropheus, wale wanaokwangua mwani kwenye mawe, wana utumbo mrefu uliozoea majani. Ukiwachanganya na walaji nyama, ukawa unatupia wote chakula kimoja chenye protini nyingi, Tropheus huvimba tumbo, na akishavimba mara nyingi ndio basi. Hapa hawakupigana hata siku moja. Walipendana vizuri tu, sahani ndiyo iliyoua. Wanaoishi na mume wa kisukari na mke asiye na kisukari watanielewa haraka.

Sasa binti mfalme, Neolamprologus brichardi. Kwa urembo hana mpinzani: mapezi marefu yenye ncha nyeupe, kama shela. Na familia yao ni ya kiafrika hasa, watoto wakubwa hawaondoki nyumbani, hubaki kusaidia kulinda wadogo zao. Utamu huo huo ndio kasheshe. Wakishazaliana mara mbili tatu, tangi lote linakuwa la ukoo wao, na samaki wa aina nyingine anasukumwa pembeni, anang'atwa mapezi, mwisho anaelea. Mtu mwenye tangi dogo anayewapenda hawa awafuge peke yao. Mimi binafsi naona hata huko kuwatazama peke yao ni burudani tosha.

Basi nani akae na nani? Siri ni kuwapa kila mmoja ghorofa yake. Chini kabisa weka Neolamprologus multifasciatus, kasamaki kadogo ambako dume lake hufika sentimita 5 hivi. Hawa huishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Wanachimba mchanga kwa midomo, wanalipanga ganda lao wanavyotaka, na mwenye ganda la jirani akisogea wanamtoa mbio hata kama ni mkubwa mara tatu. Juu yao weka Cyprichromis leptosoma, wale wembamba tuliowaona wakiliwa hapo mwanzo. Hawa hawana haja na mchanga wala mawe, maisha yao ni maji ya katikati na juu. Wa chini hapandi, wa juu hashuki. Madume ya juu yana mikia ya njano au ya buluu ndani ya kundi lile lile, kwa hiyo rangi mliyogombania dukani mnaipata yote.

Ila Cyprichromis ni wa kundi, wanataka wawe kama 10, na tangi lisipungue urefu wa sentimita 120. Tangi la 120 kwa 40, kimo 50, linabeba lita 240. Lita moja ya maji ni kilo moja, ongeza kioo, mchanga na mawe, umepita kilo 300. Usiliweke kwenye kabati la runinga, tafadhali. Fundi aluminiamu mzuri anaweza kulitengeneza, kioo cha milimita 10 na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Na mfuniko ni lazima. Hawa wa juu wakishtuka huruka, na sakafu ya saruji haina huruma.

Mfuko haujakaa sawa? Tangi la lita 100 linatosha wale wadogo wa maganda na jozi moja ya Julidochromis, wembamba wenye mistari wanaopenda nyufa za mawe. Upande mmoja lundo la mawe, upande wa pili mchanga na maganda, katikati pawe wazi kama uwanja. Watangulize wa maganda wiki kadhaa ili washike viwanja vyao kwanza. Vitoto vichache vitaliwa, hilo mlikubali mapema.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi wa huku juu. Ziwa lina maji mazito yenye pH karibu 9, na joto la nyuzi 25 hivi. Maji ya mvua unayokinga Kibondo ni laini, hayana madini hayo. Mchanga na mawe ya chokaa husaidia kuyapandisha, na bikabonati ya soda kidogo kidogo, huku ukipima. Usimwage chumvi ya Uvinza ukidhani ndiyo dawa. Chumvi ya mboga siyo inayofanya maji ya ziwa yawe vile. Kisha Juni na Julai, baridi ya usiku ikishuka milimani, bila hita samaki wa ziwani hana maisha.

Na subira. Tangi jipya likae wiki 4 hadi 6 likiwa na chujio linalofanya kazi, mpaka wadudu wazuri waote wa kusaga amonia. Kwenye maji ya pH ya juu amonia huua upesi zaidi, hapa hakuna ujanja wa mjini.

Umeme je? Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliendeshwa na majenereta ya dizeli, na wenyeji wanajua maana ya kulala giza. Leo bado hukatika, kwa hiyo kuwa na pampu ya hewa ya betri au ya sola. Umeme ukikatika usiwalishe, funika tangi kwa blanketi. Ukirudi baada ya saa nyingi, suuza sponji ya chujio kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha.

Samaki wenyewe wanunue kwa mwenye leseni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, na mwaka 2024 upande wetu wa ziwa ulifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa hiyo muulize kwanza ofisa uvuvi. Wasafirishe bila kuwalisha siku moja kabla, kwenye mifuko yenye theluthi moja ya maji na iliyobaki hewa, ndani ya kasha la barafu lisilo na barafu, mapajani kwako na sio juu ya keria. Mkiwachoka, msiwamwage kwenye mito ya huku inayoelekea Malagarasi. Rudisheni kwa muuzaji au mpeni rafiki.

Kwa wanandoa ambao mmoja yuko Kibondo na mwingine Kasulu, lile swali la nani atalisha lisiwatoe roho. Samaki mzima mwenye afya hukaa siku 3 au 4 bila kula. Anayewaua ni dada wa kazi mwenye moyo mwema aliyeachiwa kopo zima. Mpimieni kila siku kwenye kikaratasi chake, kopo lifungiwe kabatini.

Ikitokea jike mmoja wa Cyprichromis amevimba kidevu na hagusi chakula, msimkimbilie na dawa. Ameyabeba mayai mdomoni. Hesabuni kama wiki tatu.