Mimba za Utotoni na Mjadala wa Elimu ya Afya ya Uzazi Mpakani: Mbugangari, Wilaya ya Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua visababishi vya mimba za utotoni katika eneo la mpakani la Mbugangari, mjini Gisenyi, na kuupima mjadala wa elimu ya afya ya uzazi unaoendelea nchini Rwanda. Hoja kuu ni kwamba swali la kama watoto wafundishwe au wasifundishwe limefunika maswali mazito zaidi: wafundishwe nini, na nani, kwa lugha gani, na mafunzo hayo yaandamane na hatua zipi. Ushahidi kutoka Kenya unaonyesha kuwa mawaidha ya jumla hayatoshi. Kinachosaidia ni maarifa mahususi yanayokwenda pamoja na kumpunguzia msichana gharama za kubaki shuleni.

1. Utangulizi

Mbugangari ni seli ya tarafa ya Gisenyi, wilayani Rubavu, katika Jimbo la Magharibi. Iko karibu na kivuko kijulikanacho kwa jina la Petite Barrière, kati ya Gisenyi na Goma. Kabla ya janga la UVIKO-19, makumi ya maelfu ya watu walivuka hapo kila siku, na sehemu kubwa ya wachuuzi walikuwa wanawake waliobeba mboga, matunda na vyakula vingine kwenda kuuza ng'ambo. Kinyarwanda ni lugha ya nyumbani. Kiswahili husikika sokoni na kivukoni. Kiingereza ni lugha ya kufundishia shuleni. Mgawanyo huu wa lugha una uzito katika suala linalojadiliwa hapa.

Kitaifa, picha ya takwimu inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2014/15 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba; katika utafiti wa 2019/20 kiwango kilikuwa asilimia 5. Hata hivyo, idadi ya wasichana waliojifungua iliyotangazwa na serikali ilizidi 22,000 mwaka 2023, baada ya kuwa zaidi ya 17,000 mwaka 2017. Vipimo hivi viwili havipimi kitu kimoja. Cha kwanza ni uwiano uliopatikana kwa kuhoji sampuli ya kaya. Cha pili ni hesabu ya matukio, nayo hujumuisha wenye miaka 18 na 19, ambao kisheria si watoto tena. Mshauri wa sera anayechanganya vipimo hivi anaweza kutangaza ushindi au maafa kwa kutegemea tu karatasi aliyoishika. Jambo lisilo na utata ni kwamba mimba hizi huwapata zaidi wasichana wa kaya maskini na wenye elimu ndogo, na huongezeka kwa kasi kadiri umri unavyosogea kutoka 15 kuelekea 19.

2. Visababishi

Kisababishi cha kwanza ni muundo wa riziki ya mpakani. Mchuuzi huondoka alfajiri na kurudi jioni, na binti mkubwa hubaki na wadogo zake, mapishi na maji. Faida ya siku ndiyo chakula cha siku. Kwa sababu hiyo kila mtikisiko wa mpakani huingia moja kwa moja jikoni. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na shule zikafungwa hadi Novemba mwaka huo. Mei 2023 mafuriko ya mto Sebeya yaliharibu nyumba na mali wilayani Rubavu. Januari 2025 vita vilifika Goma. Kipato cha mama kinapokatika, sabuni, taulo za kike, daftari na sare huwa vitu vya kutafutwa na binti mwenyewe, na anayevitoa huwa na lake.

Hapo ndipo kinapoingia kisababishi cha pili, yaani pengo la umri na la fedha kati ya msichana na mwanamume. Mpaka huwakusanya watu wenye fedha taslimu mkononi: madereva, wafanyabiashara, wabadilishaji fedha, wapangaji wa muda. Tanzania iliwahi kulipa tatizo hili jina: kampeni ya redio ya Fataki ilimwonyesha mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, na jina hilo likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Umuhimu wa jina hilo ulikuwa kuhamisha macho ya jamii kutoka kwa msichana kwenda kwa anayemrubuni.

Kisababishi cha tatu ni pengo kati ya sheria na utekelezaji wake. Sheria ya makosa na adhabu ya Rwanda ya 2018 inamwadhibu anayemnajisi mtoto kwa kifungo cha miaka 20 hadi 25, na kifungo cha maisha iwapo mtoto hajafikia miaka 14. Vituo vya Isange, vilivyoanza Kigali mwaka 2009 na kuenezwa katika hospitali za wilaya, hutoa tiba, ushauri na msaada wa kisheria mahali pamoja. Lakini uzito wa adhabu huweza kuizidishia familia woga wa kushtaki, hasa mtuhumiwa anapokuwa jamaa, mwenye nyumba au mtu aliyeahidi matunzo. Mambo huyamalizwa nyumbani, ushahidi wa kitabibu hupotea, na mpakani mtuhumiwa anaweza kuwa nchi nyingine kabla mashtaka hayajaandikwa.

Kisababishi cha nne ni ukimya. Ukimya huo hauna asili ya kale kama inavyodhaniwa. Katika utamaduni wa Kinyarwanda, shangazi, nyirasenge, alikuwa na wajibu wa kumfunda binti wa kaka yake, na urubohero palikuwa mahali ambapo wasichana walisuka mikeka na kufundishwa mambo ya utu uzima. Katika upwa wa Waswahili, somo au kungwi alifanya kazi inayokaribiana na hiyo. Maisha ya mjini yameitawanya miji ya koo. Shangazi yuko wilaya nyingine, na mama yuko kivukoni. Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu hutajwa mara nyingi kumlaumu mzazi, ilhali hapa inaeleza tu hali ilivyo: ulimwengu umefika kwanza.

3. Mjadala wa elimu ya afya ya uzazi

Mtaala unaojikita katika umahiri, ulioanza kutumika Rwanda mwaka 2016, uliiweka elimu ya ujinsia miongoni mwa masuala mtambuka, yaani mambo yanayopaswa kupenyezwa katika masomo yote badala ya kuwa na kipindi chake. Uamuzi huo ulipunguza upinzani, lakini ulileta udhaifu wake: somo la walimu wote huweza kuwa somo lisilo na mwalimu. Anayeona haya huliruka, na mtihani haumfichui.

Pande za mjadala zinastahili kusikilizwa kwa haki. Wanaopinga husema kwamba kumfundisha mtoto mambo ya kujamiiana ni kumfungulia mlango, kwamba elimu hiyo ni ya kigeni, na kwamba inampora mzazi haki yake. Kanisa Katoliki, linaloendesha shule na vituo vingi vya afya nchini, halikubali vidhibiti mimba vya kisasa, na serikali imelazimika kuweka vituo vidogo karibu na vile vya Kanisa ili huduma hizo zipatikane. Oktoba 2022 Bunge liliukataa mswada ambao ungewaruhusu vijana kuanzia miaka 15 kupata huduma hizo bila idhini ya mzazi. Agosti 2025 Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya huduma za afya yenye kutambua umri huo wa miaka 15. Kwa hiyo mjadala haujafungwa. Umehamia kwenye utekelezaji.

Hoja ya kufungua mlango imepimwa. Mwongozo wa UNESCO uliorekebishwa mwaka 2018, kwa kuzingatia tafiti za nchi nyingi, ulihitimisha kwamba elimu hii haiwafanyi vijana waanze kujamiiana mapema. Hoja ya ugeni ina ukweli nusu. Madrasa hufundisha hedhi, janaba, tohara na dalili za kubaleghe bila mtu kuona kwamba maadili yamevunjwa, na shangazi alifundisha mengi zaidi ya hayo. Lakini wanaotetea mila nao wakubali kwamba mafunzo ya jadi yalimwandaa binti kwa ndoa iliyokuwa karibu. Hayakumwandaa kukataa, wala kukaa shuleni hadi miaka 18. Mila inatoa mfundaji anayeaminiwa. Haitoi maudhui yote yanayohitajika leo.

Ushahidi ulio karibu zaidi unatoka magharibi mwa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, mwanauchumi Pascaline Dupas alilinganisha mafunzo ya walimu yaliyosisitiza kujizuia hadi ndoa na maelezo mafupi yaliyowaonyesha wanafunzi kwamba wanaume wenye umri mkubwa zaidi wana maambukizi ya VVU zaidi. Mafunzo ya kujizuia hayakupunguza mimba za wasichana. Maelezo kuhusu wanaume wakubwa yalizipunguza kwa asilimia 28. Utafiti mwingine wa Esther Duflo, Dupas na Michael Kremer, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kutoa sare za shule bure kulipunguza uachaji wa shule pamoja na mimba. Tafiti hizi mbili hazimpi ushindi kamili yeyote. Kwa mtetezi wa elimu zinasema kwamba si kila elimu hufanya kazi. Kwa mpinzani zinasema kwamba kunyamaza na kuhubiri si kinga.

4. Lugha kama sehemu ya tatizo

Mwanafunzi wa Mbugangari anaweza kuujibu kwa usahihi mtihani wa baiolojia kwa Kiingereza, kisha akakosa neno moja la kumwambia mama yake kilichomfika. Ofisi za Rwanda husema ubuzima bw'imyororokere, afya ya uzazi, istilahi yenye staha inayokubalika msikitini na kanisani. Elimu ya ujinsia huzusha ubishi kabla haijafafanuliwa. Sarufi nayo hutoa hukumu. Kiswahili husema msichana amepata mimba, na mwanamume hutoweka katika sentensi. Kinyarwanda cha matangazo ya umma husema abangavu baterwa inda, wasichana wanaotiwa mimba, na mara moja swali la nani aliyemtia huulizika. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kina kauli hiyo ya kutendwa; kinachohitajika ni watunzi wa vitabu, walimu na watangazaji kuitumia.

5. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na ufafanuzi huu, hatua nne zinajitokeza. Kwanza, maudhui yataje bayana wanaume wenye umri mkubwa, zawadi zenye masharti, haki ya kukataa, sheria, na muda wa kufika kituo cha Isange baada ya shambulio. Pili, kila shule iwe na mwalimu aliyeandaliwa na kupewa saa maalumu, huku mikutano ya Umugoroba w'Imiryango ikipangwa kwa saa ambazo wachuuzi wamerudi, na walimu wa madrasa na wa makanisa wakishirikishwa katika sehemu wanazokwisha kuzifundisha. Tatu, vifaa vya ufundishaji viandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ili somo liweze kurudi nyumbani pamoja na mtoto. Nne, gharama ndogondogo za shule zigharamiwe wakati mpaka unapofungwa, si baada ya binti kuacha masomo, na takwimu zitolewe kwa makundi ya umri.

Wasichana waliokwisha kujifungua wasisahauliwe. Kenya ilianza kuwaruhusu kurudi shuleni mwaka 1994, na Tanzania Bara iliondoa zuio lake Novemba 2021. Rwanda haiwafungii mlango, ila ruhusa peke yake haimlei mtoto mchanga saa za masomo. Pasipo mtu wa kumwachia mtoto huyo, msichana wa Mbugangari hubeba beseni na kumfuata mama yake kivukoni, na binti yake hubaki nyumbani kama yeye alivyobaki.