Skrini ya Kuchorea Ramani: Pima Kabla ya Kulipa

Mchoraji ramani asipouona mstari mmoja kwenye skrini, anayelipa ni mwenye nyumba. Ukuta unaobeba mzigo ukichukuliwa kuwa ukuta wa kugawa vyumba tu, au kipimo cha nguzo kikifichwa na maandishi mengine, kosa hilo hutoka kwenye kompyuta likaingia kwenye karatasi, kisha likafika kwa fundi anayemwaga zege. Kulirekebisha wakati huo ni kubomoa.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inataka mtu apate kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuanza ujenzi, na ombi la kibali huenda pamoja na ramani. Siku hizi ramani hizo huchorwa kwa kompyuta. Vijana waliosomea ujenzi, upimaji wa ardhi au uhandisi katika vyuo vya kiufundi huweza kuanza kujitegemea wakiwa na leptopu pekee. Wakishapata kazi mbili tatu, hufikiria kununua skrini kubwa. Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia ili pesa hizo zisipotee.

Ukubwa si ukali

Skrini huuzwa kwa inchi, zinazopimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Lakini kinachomwezesha mchoraji kuona mstari mwembamba si inchi bali ni pikseli, yaani nukta ndogo za mwanga zinazojenga picha. Kwenye sanduku la skrini huandikwa mojawapo ya majina haya:

- Full HD: pikseli 1,920 kwenda upana na 1,080 kwenda juu. Jumla ni kama milioni 2.1.
- QHD: pikseli 2,560 kwa 1,440. Jumla ni kama milioni 3.7.
- 4K: pikseli 3,840 kwa 2,160. Jumla ni kama milioni 8.3, mara 4 ya Full HD.

Hapa ndipo wanunuzi hupotea. Skrini ya Full HD ya inchi 24 na ya Full HD ya inchi 27 zina idadi ile ile ya pikseli. Katika ile kubwa, pikseli zimetandazwa tu, kila moja ikaongezeka upana kutoka milimita 0.28 hadi 0.31. Mnunuzi ameongeza pesa na picha imekuwa kubwa, lakini hakuna mstari wala herufi aliyoongezewa.

Katika michoro ya kiufundi, unene wa mstari una maana yake. Ukuta uliokatwa unaweza kuchorwa kwa mstari wa milimita 0.5, na mistari ya vipimo kwa milimita 0.25 au 0.18. Pikseli yenye upana wa milimita 0.31 haiwezi kutofautisha hiyo miwili ya mwisho, kwa hivyo yote huonekana sawa. Skrini ya 4K ya inchi 27 ina pikseli za milimita 0.16 hivi. Kwenye skrini hiyo, mstari mnene na mwembamba hutambulikana kwa jicho hata mchoro unapoonyeshwa kwa ukubwa wake halisi.

Jaribio la karatasi ya A1

Ramani nyingi za majengo hupangwa kwenye karatasi ya A1, yenye milimita 841 kwa 594. Maandishi madogo ya vipimo mara nyingi huwa na kimo cha milimita 2.5. Swali la kujiuliza ni hili: karatasi nzima ikionyeshwa kwenye skrini kwa mara moja, je, maandishi hayo yanasomeka?

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya pikseli za kwenda juu kwa 594, kisha zidisha kwa 2.5. Kwa Full HD, herufi hupata pikseli 4 na nusu tu, na kwa kimo hicho tarakimu 3, 6 na 8 hufanana. Kwa QHD hupata 6, ambazo zinasomeka kwa taabu. Kwa 4K hupata 9, na hapo kipimo kinasomeka bila kuvuta picha karibu. Hesabu hii haijaondoa nafasi inayochukuliwa na vitufe vya programu pembeni, kwa hivyo hali halisi huwa chini kidogo.

Anayetumia Full HD hulazimika kuvuta picha karibu asome, kisha airudishe mbali aone jengo zima, mara nyingi kwa siku. Anaposoma kona moja, kona nyingine haipo mbele yake. Ndivyo nguzo inavyoweza kusogezwa kwenye ramani ya orofa ya chini, na ile ya orofa ya kwanza ikabaki ilipokuwa.

Hata hivyo, skrini haibadilishi vipimo. Programu ya kuchorea huhifadhi vipimo kama tarakimu, na ukuta wa milimita 3,000 hubaki 3,000 kwenye skrini yoyote. Ramani nzuri nyingi zimechorwa kwenye Full HD ya inchi 24. Skrini kali hulisaidia jicho kuliona kosa mapema. Haichukui nafasi ya kukagua ramani mara ya pili, wala ya sahihi ya msanifu majengo au mhandisi aliyesajiliwa.

Kompyuta na kebo pia zina neno

Skrini ya 4K ikiunganishwa na kompyuta isiyoiweza, mwenyewe hujuta. Kompyuta yenye tundu la HDMI la toleo la 1.4 huweza kutuma picha ya 4K, lakini mara 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya huonekana ukiburuta. HDMI 2.0 na DisplayPort 1.2 hutuma mara 60 kwa sekunde, kiwango kinachofaa kazi ya kila siku. Tundu la zamani la VGA halifai kwa 4K. Kebo nayo iwe ya kiwango hicho hicho, kwa sababu kebo dhaifu inaweza kufanya picha ikatikekatike.

Jambo la pili ni programu. Kwenye 4K ya inchi 27, maandishi ya vitufe huwa madogo mno hadi kompyuta iambiwe kuyakuza, kwa kawaida kwa asilimia 150. Programu za zamani hazifuati amri hiyo vizuri, na vitufe vyake hubaki vidogo au vyenye ukungu. Kwa mwenye kompyuta au programu ya miaka mingi, QHD ya inchi 27 mara nyingi humtumikia vizuri kuliko 4K.

Aina ya kioo na mtego wa televisheni

Skrini zilizoandikwa IPS huonyesha rangi bila kubadilika sana hata mtu akitazama kutoka pembeni. Hilo ni muhimu mteja anapoketi kando ya mchoraji kuonyeshwa nyumba yake. Zilizoandikwa TN hufifia au kubadilika rangi zikitazamwa kwa pembe. Za VA ziko katikati, na huonyesha weusi vizuri. Kwa ramani za mistari, IPS ya kawaida inatosha. Anayechora picha za rangi za kuonyesha wateja aangalie pia iwapo skrini inafikia rangi zote za kiwango cha sRGB.

Wengine huvutiwa na televisheni ya 4K ya inchi 43 kwa sababu ya bei. Pikseli zake zina upana wa milimita 0.25, kubwa kuliko za QHD ya inchi 27. Isitoshe, baadhi ya televisheni hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha picha za filamu, na mistari myembamba myekundu au ya samawati ikaonekana imechafuka. Anayeinunua ahakikishe kwanza kwamba inaweza kuwekwa katika hali ya kompyuta.

Skrini ing'aayo kama kioo cha kujitazamia nayo iepukwe katika chumba chenye dirisha kubwa. Yenye uso usioakisi mwanga huchosha macho kidogo. Iwekwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni. Kila baada ya dakika 20, mchoraji atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Ununue ipi?

Mwenye pesa kidogo anunue Full HD ya inchi 24, si ya 27. Akiongeza ya pili kama hiyo, ataweka ramani ya sakafu upande mmoja na sura ya jengo upande wa pili, ingawa tatizo la kusoma karatasi nzima ya A1 litabaki. Wa kadiri ya kati achukue QHD ya inchi 27. Anayechora majengo makubwa kila siku, na ambaye kompyuta yake inaimudu, achukue 4K ya inchi 27 hadi 32.

Dukani, fuata hatua hizi:

1. Beba leptopu yako mwenyewe na faili ya ramani ya A1. Unganisha, onyesha karatasi nzima, kisha soma vipimo kwa sauti.
2. Fungua ukurasa mweupe, kisha mweusi, utafute nukta zilizokufa. Hili ni muhimu zaidi kwa skrini za mitumba.
3. Hakikisha tundu la skrini na la kompyuta yako vinalingana, na ujue toleo lake.
4. Chukua risiti yenye namba ya modeli, na dhamana iliyoandikwa.
5. Panga pesa za kifaa cha kulinda kompyuta stima inapokatika. Saa moja ya kazi iliyopotea haionekani kwenye bei ya skrini.

Kabla ya yote hayo, uliza ofisi ya mipango ya kaunti ramani zinapokewa kwa karatasi ya ukubwa gani na kwa faili ya aina gani. Atakayechora kwa A3 pekee, yenye milimita 420 kwa 297, ataona karatasi yake nzima kwa ukubwa halisi kwenye skrini ya inchi 24, na huenda pesa za 4K zikamfaa zaidi kwa kitu kingine.