Wanja, Poda na Rangi ya Mdomo: Kemia ya Kuchagua Vipodozi vya Bei Nafuu

Mwanafunzi wa kidato cha pili hujifunza kwamba alama ya zebaki ni Hg na ya risasi ni Pb. Hujifunza pia kwamba zote mbili ni metali nzito na kwamba zote mbili ni sumu. Jambo ambalo kitabu chake aghalabu hakimwelezi ni kwamba metali hizo huweza kuwamo katika kisanduku cha mapambo nyumbani kwao, ndani ya kopo la krimu au kichupa cha wanja. Makala haya yanakusudia kulipeleka somo la kemia mpaka kwenye kisanduku hicho, ili msomaji aweze kuchagua vipodozi kwa fedha kidogo bila kuyahatarisha macho, ngozi wala figo zake.

Watu hawalingani katika haja ya kujipamba. Yupo anayetaka ngozi laini na safi, basi. Yupo anayependa kujipodoa siku ya sikukuu au arusi. Yupo pia aliyeifanya kazi hii kuwa ufundi, akawapamba wengine kwa malipo. Tutawagawa katika daraja tatu, tukitazama kila mmoja anahitaji nini hasa.

Kipodozi ni nini?

Kwa jicho la mkemia, karibu kila kipodozi ni mchanganyiko wa vitu vichache: mafuta au nta, unga wa madini, rangi, na pengine maji. Penye maji hapana budi pawe na kihifadhi, kwa sababu bakteria na kuvu huota humo. Manukato huongezwa ili kipendeze puani. Vitu hivi huwamo katika kopo la bei ya chini na la bei ya juu vilevile. Hivyo basi, bei pekee haitoshi kutuambia ubora wa kipodozi; maelezo ya kuaminika zaidi yapo kwenye orodha ya viambato.

Katika nchi nyingi kanuni hutaka viambato viandikwe kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Vile visivyozidi asilimia moja huweza kuandikwa mwishoni kwa mpango wowote. Rangi hupewa namba zinazotanguliwa na herufi CI. Kwa mfano, CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma: nyekundu, ya manjano na nyeusi. CI 77891 ni titani dioksidi, ambayo ni nyeupe. CI 77266 ni kaboni nyeusi. Mwanafunzi anayezijua namba hizi chache anaweza kusoma sehemu kubwa ya kile kilichomo katika poda yake.

Daraja la kwanza: kutunza ngozi

Anayetaka ngozi laini tu anahitaji sabuni isiyo kali na mafuta ya kupaka. Mafuta ya mgando ni miongoni mwa vipodozi rahisi na vilivyochunguzwa kwa muda mrefu. Robert Chesebrough alipata hataza ya kuyatengeneza nchini Marekani mwaka 1872, akayaita Vaseline. Mafuta haya hayaongezi maji katika ngozi, bali huyazuia maji yaliyomo yasipotee hewani. Ndiyo maana yafaa yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Anayeyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hupata faida pungufu. Kwa mtu wa daraja hili, sabuni na kopo moja la mafuta vyatosha kabisa.

Daraja la pili: kujipodoa siku maalumu

Hapa vitu vitatu vinatosha: wanja, poda na rangi ya mdomo. Tuvitazame kimoja kimoja.

Wanja una historia ndefu. Wamisri wa kale walijipaka machoni unga wa galena, jiwe jeusi linalometameta ambalo kikemia ni salfaidi ya risasi, PbS. Hadi leo baadhi ya wanja unaouzwa kwa jina la wanja wa manga hutengenezwa kwa jiwe hilo, na kwa macho tu si rahisi kuutofautisha na ule wa masizi, ambao ni kaboni. Hatari kubwa humpata mtoto mchanga anayepakwa wanja. Mtoto hujifikicha macho, kisha hutia vidole kinywani, na risasi huingia mwilini. Hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Metali hii hudhuru ubongo unaokua, na madhara hayo huweza kudumu maishani.

Je, darasa linaweza kuupima? Sentimita moja ya ujazo ya galena ina uzito wa gramu 7.6 hivi, hali ile ya kaboni ya masizi haizidi sana gramu 2. Kichupa kidogo cha wanja wa unga kinacholemea mkono kuliko inavyotarajiwa, basi, chastahili kutiliwa shaka. Lakini tuangalie: hiki ni kipimo cha kutilia shaka tu, wala si cha kuthibitisha usalama. Unga huwa na hewa katikati ya chembe zake, na kiasi kidogo cha risasi kilichochanganywa na masizi hakitahisika mkononi. Mwalimu asithubutu kuuchoma wanja wala kuutia asidi, maana PbS ikikutana na asidi huweza kutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu, nayo ni sumu. Wanja usioonyesha viambato vyake usinunuliwe, wala asipakwe mtoto.

Poda nyingi hutengenezwa kwa ulanga, madini laini kuliko yote katika kipimo cha Mohs, ambamo hupewa namba 1. Ulanga huweza kupatikana ardhini jirani na asbesto, na mwaka 2024 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Poda yenye wanga wa mahindi mahali pa ulanga hupatikana, na kwa vyovyote vile vumbi la poda lisivutwe puani wala asipuliziwe mtoto.

Wengi wenye ngozi nyeusi hulalamika kwamba poda huwafanya waonekane kana kwamba wamepakwa majivu. Sababu ni ya kifizikia. Titani dioksidi hutawanya mwanga wa rangi zote kwa nguvu, kwa hiyo huonekana nyeupe. Ikiwa nyingi, na oksidi za chuma zikiwa chache, rangi ya kijivu hujitokeza juu ya ngozi nyeusi. Tafuta poda ambayo oksidi za chuma zimetajwa mapema katika orodha. Kisha ijaribu kwenye taya, si kiganjani, ukisimama mlangoni penye mwanga wa jua. Taa ya dukani hubadili rangi. Ngoja dakika chache kabla ya kuamua, kwa kuwa mafuta ya ngozi huifanya poda ikolee.

Rangi ya mdomo ni nta, mafuta na rangi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ndiyo maana husaidia kijiti kisimame wima hata wakati wa joto. Mafuta ya nyonyo hutumiwa sana kwa kuwa ni mazito na hung'arisha. Rangi huweza kutoka viwandani au katika viumbe hai. Katika mashamba ya viungo ya Unguja wageni huonyeshwa mzingefuri, mti ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu ya kupaka midomoni na kutia katika chakula. Jina lenyewe lina funzo: zingefuri asili yake ni madini mekundu ya zebaki. Rangi ya mbegu haina zebaki hata chembe. Jina moja limebeba vitu viwili, kimoja salama na kingine sumu. Mwenye fedha kidogo anaweza kuitumia rangi moja ya mdomo katika midomo na mashavu pia.

Daraja la tatu: mpambaji

Anayewapamba maharusi anahitaji poda za rangi kadhaa, brashi na vifaa vingine, lakini kwanza anahitaji usafi. Penseli moja ya wanja ikipitishwa machoni pa watu kumi huweza kusambaza ugonjwa wa macho mekundu. Brashi zioshwe na kukaushwa, na rangi ya mdomo ichotwe kwa kijiti safi badala ya kupakwa moja kwa moja.

Mpambaji ajue pia tofauti ya hina na piko. Hina ya majani hutoa rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na rangi hiyo hushikamana na protini ya ngozi. Piko nyeusi aghalabu ni dawa ya nywele yenye parafenilinidayamini. Dawa hii ikipakwa ngozini huweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyedhurika mara moja huweza kudhurika zaidi kila anapoigusa tena. Hina inayokolea kuwa nyeusi tititi kwa dakika chache siyo hina tupu.

Mkorogo haumo katika daraja yoyote

Krimu za kuchubua ngozi hatukuziweka katika orodha yetu, hata ziwe za bei ya chini namna gani. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo hutukinga na mionzi ya jua. Chumvi za zebaki huzuia kimeng'enya kinachohitajika kuitengeneza. Lakini zebaki haibaki usoni: hupenya ngozi, huziharibu figo na mishipa ya fahamu, na mvuke wake huvutwa hata na watoto wa nyumba hiyo ambao hawakupaka chochote. Hidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu, huweza kuacha madoa ya samawati na nyeusi. Madaktari wa Afrika ya Kusini waliyaeleza mwaka 1975. Ndipo aliyetafuta weupe hupata weusi usiofutika kwa urahisi.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepiga vita vipodozi vyenye zebaki. Nchini Tanzania vipodozi viliwekwa chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wake umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Hata hivyo makopo haya huendelea kuuzwa kwa siri. Ukiona neno “mercury”, “mercurous” au “calomel”, au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu na fedha, iache. Onyo hilo ni ushahidi wa kikemia, kwani zebaki huungana na dhahabu na kuiharibu.

Hesabu ya bei

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Krimu ya gramu 6 inauzwa shilingi 3,000, na ya gramu 20 inauzwa shilingi 7,000. Ya kwanza ni shilingi 500 kwa gramu, ya pili 350. Kopo kubwa laonekana rahisi. Lakini makopo mengi yana picha ya kopo lililofunguliwa, na ndani yake 6M au 12M, yaani miezi ya kutumia tangu kufunguliwa. Tuseme ni miezi sita, na kwa muda huo hutumii zaidi ya gramu 8. Ukitupa gramu 12 zilizobaki, umelipa shilingi 875 kwa kila gramu uliyoitumia. Makopo mawili madogo yangekugharimu shilingi 6,000, yaani 750 kwa gramu, na la pili ungelifungua baadaye.

Walimu wanaweza kuwaomba wanafunzi walete makopo matupu ya vipodozi kutoka nyumbani, wayasome maandishi yake na kuyapanga katika mafungu matatu: yenye viambato vilivyotajwa na salama, yenye viambato vya hatari, na yasiyotaja chochote. Fungu la tatu ndilo litakalozusha maswali mengi. Yafaa wanafunzi wayapeleke maswali hayo dukani, kwa sauti ya adabu, kabla ya kutoa fedha.