Mtafiti Asiye na Watu Chini Yake

Kijana anapoajiriwa na kampuni ya teknolojia, wazee hawachelewi kumuuliza: "Una watu wangapi chini yako?" Meneja wa benki au mkuu wa shule hulijibu swali hilo kwa fahari. Mtafiti huenda akajibu kwamba hana hata mmoja, na hapo baraza hunyamaza. Ikiwa mazungumzo ni ya posa, upande wa pili huanza kusitasita.

Kusitasita huko hakuna msingi. Kampuni nyingi za aina hiyo zina ngazi mbili za vyeo. Ya uongozi tunaifahamu sote. Ya pili ni ya ujuzi: mtafiti, mtafiti mwandamizi, mtafiti mkuu, mtafiti mbobezi, na kileleni felo. Aipandaye huongezewa hadhi na mshahara pasipo kukabidhiwa watu wa kuwasimamia. Ngazi hiyo iliwekwa kuepusha hasara inayofahamika: bingwa wa fani akifanywa meneja ili tu aongezewe kipato, kampuni humpoteza bingwa, na mara nyingi haimpati meneja.

Nchini Marekani, kampuni ya IBM ilianzisha cheo cha Felo mwaka 1962, zama za Thomas Watson Mdogo. Mwenye cheo hicho hupewa uhuru mkubwa wa kujichagulia suala la kuchunguza. Frances Allen, binti wa mkulima, alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1957 aliingia IBM akikusudia kulipa deni la masomo, kisha arejee darasani. Alikaa miaka 45. Kilichompandisha ni utafiti wake wa namna ya kuzifanya programu za kompyuta ziende kwa kasi zaidi. Mwaka 1989 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Felo wa IBM, na mwaka 2006 mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta.

Maabara za Bell zilishika njia nyingine. Watafiti wao wengi waliitwa kwa jina moja lisilo na makeke, mtumishi wa idara ya ufundi. Ndilo walilokuwa nalo Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix mwaka 1969. Leo kampuni za akili mnemba, OpenAI ikiwemo, zimelirejesha.

Kinyume chake pia kipo: kampuni changa yenye watu wanane inaweza kumwita kijana wa miaka 25 "mtafiti mkuu". Vyeo hivi havina mizani moja, na cheo cha kampuni hii hakilingani lazima na cha ile.

Jambo hili si la ng'ambo pekee. IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013, na vijana wetu wanaomba kazi mahali kama hapo. Mzazi anayetaka kujua mwanawe amefika wapi, na amuulize: nani anayelichagua suala unalolichunguza, wewe au mkubwa wako? Jina lako limo katika makala na hataza zinazotoka? Na wenzako wanapokwama, humwendea nani?