Je, Wajua? Diski Nzima Isiyoonekana na Kompyuta

Flashi yenye Windows iko tayari, laptopu imewashwa, lugha imechaguliwa na masharti yamekubaliwa. Lakini pale orodha ya diski inapopaswa kutokea, pako patupu: kompyuta inadai haina diski ya kuwekea Windows. Wengi wakifika hapo huamini diski imekufa, na wapo wanaonunua nyingine siku hiyo hiyo. Mara nyingi diski hiyo ni nzima, na picha na kazi zilizomo bado zipo. Haya hapa ni mambo ambayo kila mwenye kompyuta, na kila kijana anayejifunza ufundi, anastahili kuyajua kabla ya kutoa hela yake.

1. Shahidi wa kwanza ni BIOS

Kabla Windows haijaanza, kompyuta huamshwa na BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye ubaomama. Katika mashine za leo nafasi yake imechukuliwa na UEFI, ila mafundi wengi bado huiita BIOS. Iingie kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu unapowasha, kulingana na aina ya mashine, kisha tafuta jina la diski na ukubwa wake. Likiwapo, diski ina uhai, na kinachokosekana ni draiva au mpangilio sahihi. Lisipokuwapo, kagua kebo, tundu, umeme na mwishowe diski yenyewe. Fundi mzuri hutafuta jibu hili kabla hajashika bisibisi.

2. Draiva ni mkalimani

Je, wajua kwamba programu ya kusakinisha huweza kusoma flashi vizuri kabisa huku ikishindwa kuiona diski iliyo ndani ya mashine hiyo hiyo? Kati ya diski na mfumo endeshi kuna kidhibiti, na kila aina ya kidhibiti huhitaji draiva yake. Draiva ni mkalimani: asipokuwapo, wawili hukaa chumba kimoja bila kuelewana. Windows huja na draiva za vifaa vilivyojulikana siku ilipotengenezwa. Kifaa kilichozaliwa baadaye hulazimika kuletewa ya kwake. Hii ndiyo sababu tatizo hili limejirudia kwa zaidi ya miaka 20, kila teknolojia mpya ya diski inapoingia sokoni.

3. Flopi imekwisha, jina lake limebaki

Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na mashine zenye diski za SATA, aina mpya ya muunganisho wakati huo, zikaanza kuenea kuanzia mwaka 2003. Zilipoanza kutumia utaratibu wa AHCI, yaani namna mpya ya kompyuta kuwasiliana na diski hizo, XP haikuwa na draiva yake. Aliyetaka kuisakinisha alibonyeza F6 mwanzoni kabisa, kisha akaingiza flopi yenye draiva, wakati ambapo kompyuta nyingi mpya zilikuwa zimeshaacha kuja na sehemu ya flopi. Asiyefanya hivyo aliishia kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, ishara kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski ya kuanzia. Wengi walijinusuru kwa kuirudisha BIOS kwenye mpangilio wa zamani wa IDE. Tangu Windows Vista, draiva inaweza kuletwa kwa CD au flashi. Hata hivyo, faili za draiva za Intel za kompyuta za kisasa bado zina majina yenye herufi “f6” na “flpy”, yaani flopi.

4. Yaliyoipata XP yaliipata Windows 7

Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Kanuni za NVMe, zinazoongoza SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) zenye kasi kubwa zinazounganishwa kwa njia ya PCI Express, zilichapishwa Machi 2011. Kwa hiyo nakala asilia ya Windows 7 haiijui SSD ya NVMe hata kidogo, na ilibidi Microsoft itoe nyongeza baadaye. Tena Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0, hivyo kwenye mashine mpya kibodi, kipanya na flashi navyo viliweza kukataa katikati ya kazi. Windows 8.1 ndiyo iliyokuja na draiva ya NVMe ndani yake.

5. VMD, kikwazo cha laptopu za kuanzia mwaka 2020

Intel ilianza kwa kuweka teknolojia ya VMD kwenye seva. Mwaka 2020, pamoja na prosesa za Core za kizazi cha 11, ikaingia kwenye laptopu za kawaida. VMD husimama mbele ya SSD za NVMe na kuzisimamia, hivyo programu ya kusakinisha isiyo na draiva ya VMD haioni chochote nyuma yake. Ndiyo maana laptopu nzuri, mpya kabisa, huonekana haina diski.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kupakua draiva ya Intel RST, ambayo ndani yake imo ile ya VMD, kutoka kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kuifungua hadi ionekane faili yenye mwisho wa .inf, na kuiweka kwenye flashi. Ukifika penye orodha tupu, bonyeza Load driver, ielekeze kwenye folda hiyo, na diski hutokea bila kuzima mashine. Wengi hukwama kwa sababu wamenakili faili ya .exe kama ilivyo, na programu ya kusakinisha haiwezi kuisoma. Tiba ya pili ni kuzima VMD ndani ya BIOS, pale mashine inaporuhusu.

6. Mpangilio mmoja wa BIOS unaweza kuizima Windows iliyopo

Kuzima VMD au kuhama kutoka mpangilio wa RAID, unaoweza kuunganisha diski kadhaa kama moja, kwenda AHCI hakuna madhara kwenye mashine unayoifuta yote. Lakini kama ndani kuna Windows inayofanya kazi, baada ya badiliko hilo huenda isiwake tena, kwa kuwa imezoea kutumia draiva ile ya mwanzo. Njia inayotumiwa na mafundi ni kuiambia Windows ianze katika hali ya usalama, kubadilisha mpangilio wa BIOS, kuiacha iwake mara moja katika hali hiyo ili ichukue draiva mpya, kisha kuirudisha katika hali ya kawaida.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data, huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya BIOS kuguswa. Asiye na ufunguo huo huweza kupoteza kila kitu. Utafute na uuandike kabla ya kugusa chochote.

7. Ubuntu kwenye flashi ni kipimo cha bure

Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hubeba draiva nyingi sana ndani ya kiini chake, ikiwamo ya VMD tangu mwaka 2016. Unaweza kuiwasha Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha na kuangalia kama diski inaonekana. Ikionekana, umepata ushahidi kwamba diski ni nzima, na hapo hapo unaweza kunakili faili zako kwenye diski ya nje.

Linux nayo imewahi kunyimwa diski. Mwaka 2016, watumiaji wa laptopu ya Lenovo Yoga 900 waligundua kuwa BIOS yake ilifungiwa katika mpangilio wa RAID ambao Linux haikuuelewa, na hapakuwa na chaguo la AHCI. Walilalamika kwa nguvu, na baadaye mwaka huo huo Lenovo ikatoa BIOS mpya kwa ajili yao. Malalamiko yenye ushahidi huzaa matunda.

8. Kijibetri kidogo kinaweza kuificha diski kubwa

Kwenye ubaomama wa kompyuta nyingi za mezani kuna betri bapa iitwayo CR2032. Tarakimu zake ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ndiyo inayoifanya saa ya mashine iendelee kutembea umeme ukikatika, na katika mashine nyingi ndiyo inayohifadhi mipangilio ya BIOS pia. Ikiisha nguvu, mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na AHCI huweza kugeuka RAID au IDE bila mtu kugusa. Anayenunua kompyuta za mtumba, zilizokwisha kukaa miaka mingi maofisini ughaibuni, aangalie saa kwanza. Ikionyesha mwaka wa zamani kila unapowasha, badilisha betri kabla ya kuilaumu diski.

9. SSD mbili zaweza kufanana na zisielewane na tundu moja

SSD za umbo la M.2 zinafanana sana machoni, lakini nyingine ni za SATA na nyingine ni za NVMe. Yapo matundu yanayopokea aina moja tu. Ukichomeka isiyo yake, huenda ikaingia vizuri na skrubu ikabana, ila BIOS haitaiona kamwe. Tena katika aina fulani za ubaomama, kutumia tundu la M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA, na diski ya zamani hupotea siku mpya inapofungwa. Kijitabu cha ubaomama hueleza yote haya. Kisome kabla ya kwenda dukani.

10. Diski zilizojifunga zenyewe

Safari nyingine kosa limo ndani ya diski. Januari 2009, Seagate ilikiri kwamba baadhi ya diski zake, zikiwamo za Barracuda 7200.11, ziliweza kushindwa kufikika mara kompyuta inapowashwa. Data ilikuwa ingalimo. Kilichoharibika ni programu ya ndani ya diski, na kampuni ikatoa toleo lililorekebishwa.

Cha kutisha zaidi kilitangazwa na Hewlett Packard Enterprise Novemba 2019. Baadhi ya SSD za seva zake zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingeweza kurudishwa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, nayo hutambuliwa haraka na kila mwandishi wa programu. Kwa kuwa SSD zilizofungwa pamoja huhesabu saa pamoja, seva nzima ingeweza kuzipoteza kwa mkupuo. Waliosasisha programu ya ndani mapema walinusurika.

11. Kuona na kukubali ni mambo mawili

Mara nyingine diski inaonekana, lakini Windows inakataa kuingia humo. Sababu ya kawaida ni mgawanyo wa diski, yaani namna nafasi yake ilivyopangwa. Mgawanyo wa MBR ulikuja na mfumo endeshi wa DOS 2.0 mwaka 1983, mwaka ambao kompyuta ya IBM PC XT ilitoka na diski ya megabaiti 10. Katika hesabu ya kawaida ya sekta za baiti 512, MBR huishia takriban terabaiti 2.2, na kinachozidi hapo hakitumiki. Mgawanyo wa kisasa wa GPT umeondoa kikomo hicho, na Windows inayosakinishwa kwa UEFI huudai. Ujumbe wa kukataliwa ukitokea, fahamu kwamba kuibadili diski kuwa GPT kwa amri ya clean, inayopendekezwa mara nyingi, hufuta ramani ya kila kilichomo.

12. Hata diski isiyoshikika hutaka draiva

Wanaosakinisha Windows ndani ya kompyuta ya kubuni, yaani inayoigizwa na programu kama KVM, hukutana na orodha ile ile tupu wakichagua diski ya VirtIO. Hakuna kebo ya kulegea wala tundu la kukosea, maana diski yenyewe ni faili tu. Mara draiva ya VirtIO inapopakiwa, diski hutokea. Huu ndio uthibitisho ulio wazi kuliko wote kwamba kutoonekana si kufa.

Basi, ndugu msomaji, siku ukiambiwa diski yako haionekani, usikubali ibadilishwe wala ifutwe kabla ya maswali matatu kujibiwa: BIOS inaiona? Draiva sahihi imejaribiwa? Ubuntu kwenye flashi inaiona? Nanyi mafundi, mteja anapowaachia mashine amewakabidhi picha za wazazi wake, vitabu vya biashara yake na pengine tasnifu yake ya chuo. Nakilini kwanza yaliyomo, kisha ndipo msakinishe.