Waliotoka Juu Kabisa: Rekodi za Miavuli kwa Kipimo cha Ziwa Nyasa

Mtu wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hahitaji kufundishwa maana ya kimo. Ufukwe wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mgongoni mwake Milima ya Livingstone inapanda moja kwa moja kutoka majini hadi kupita mita 2,000. Njia ya Tukuyu inamwonyesha Mlima Rungwe, karibu mita 2,960. Mbele yake ni ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 570 na kina cha mita 706 pale linapozama zaidi. Kwa vipimo hivyo tunaweza kuzisoma rekodi za watu walioacha ndege na maputo wakashuka kwa mwavuli, maana tarakimu za angani zikisomwa peke yake hazimwambii mtu kitu.

Tuanze na mruko wa kawaida. Klabu nyingi duniani humwachia mrukaji kati ya mita 3,000 na 4,000 kutoka ardhini. Ndege ikimwachia mtu mita 4,000 juu ya mashamba ya mpunga ya Kyela, kilele cha Rungwe kitakuwa kilomita moja na nusu chini ya nyayo zake. Ataanguka kwa karibu dakika nzima, kwa kasi inayokaribia kilomita 200 kwa saa, kabla ya kufungua mwavuli. Huo ndio mruko wa kila siku. Wafuatao waliupita.

Wa kwanza kabisa

Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa André-Jacques Garnerin alipanda kwa puto juu ya Paris, karibu kilomita moja kutoka ardhini, akakata kamba. Alishuka ndani ya kikapu kilichoning'inia chini ya mwavuli wa kitambaa. Mwavuli haukuwa na tundu la kupitishia hewa juu, hivyo kikapu kiliyumba vibaya hadi chini. Mwaka 1799 Jeanne Labrosse, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa mkewe, akawa mwanamke wa kwanza kushuka kwa mwavuli.

Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo, mwavuli ulifunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye puto au ndege. Wengi waliamini kwamba mtu akianguka bila kushikiliwa na chochote atazimia kabla ya kufika chini. Imani hiyo ilitikiswa na Mmarekani mdogo wa umbo, Tiny Broadwick. Mwaka 1914, akiwaonyesha wanajeshi kazi yake huko San Diego, kamba yake ilinasa kwenye mkia wa ndege. Alipopanda tena aliikata, akaufungua mwavuli kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe 28 Aprili 1919, Leslie Irvin aliruka Ohio akiwa na mwavuli wa mgongoni, akauvuta mwenyewe akiwa hewani na akili zake timamu. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, ila hoja ilikuwa imekwisha: mtu anaweza kuanguka na bado akafikiri.

Kidato cha juu kuliko vyote

Kama kuna mkongwe mmoja ambaye kumbukumbu zake zimebeba siku za mwanzo za kuruka kutoka juu sana, ni Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani. Marubani wa ndege za kivita walikuwa wanapaa juu kuliko zamani, na hakuna aliyejua mtu atokaye huko atafikaje chini mzima. Kutoka mbali hivyo, mwili huanza kuzunguka kama pia mpaka damu inakimbilia kichwani. Fundi Francis Beaupre akabuni mwavuli mdogo unaotangulia, wa kumtuliza mrukaji kabla mwavuli mkubwa haujafunguka.

Jaribio la Novemba 1959 nusura limuue Kittinger. Mwavuli mdogo ulitoka mapema, kamba ikamzonga shingoni, akazunguka mara 120 kwa dakika, akazimia. Aliokolewa na mwavuli wa akiba uliokuwa umetegwa ufunguke wenyewe.

Alirudi juu. Tarehe 16 Agosti 1960, wiki mbili kabla ya uchaguzi ulioipa TANU viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, puto lilimfikisha mita 31,333 juu ya jangwa la New Mexico. Njiani glavu ya mkono wa kulia ilishindwa kushika hewa. Mkono ukavimba hadi kuwa mara mbili ya kawaida, naye akanyamaza, akijua kwamba akisema wataahirisha. Kikapu chake kilikuwa wazi. Chini ya mlango palibandikwa maandishi yaliyotangaza kwamba hicho ndicho kidato cha juu kuliko vyote duniani, na kando yake namba ya gari ya karatasi ambayo mwanawe mdogo alikuwa ameikata kwenye boksi la nafaka za asubuhi. Kittinger akamwomba Mungu amlinde, akakanyaga hewa.

Alianguka dakika 4 na sekunde 36, akafikia kasi ya kilomita 988 kwa saa. Mwavuli mkubwa ulifunguka akiwa yapata mita 5,500, na safari nzima ilichukua chini ya dakika 14. Mkono ukarudi hali yake baada ya saa chache. Baadaye alidunguliwa Vietnam na kukaa mateka miezi 11, na mwaka 1984 akawa mtu wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kwa puto. Alifariki tarehe 9 Desemba 2022 akiwa na miaka 94.

Juu zaidi, kasi zaidi

Kwa kuwa Kittinger alitumia mwavuli mdogo wa kumtuliza, rekodi rasmi ya kuanguka huru ilikwenda kwa Mrusi Yevgeny Andreyev, aliyeanguka mita 24,500 tarehe 1 Novemba 1962 bila msaada wa aina hiyo. Siku hiyo hiyo mwenzake Pyotr Dolgov aliruka kutoka juu zaidi na hakufika akiwa hai, kwa sababu vazi lake lilipoteza hewa.

Rekodi ya Andreyev ilisimama karibu nusu karne. Tarehe 14 Oktoba 2012, Mwaustria Felix Baumgartner alitoka mita 38,969 na kufikia kilomita 1,357.6 kwa saa, akaipita kasi ya sauti. Kwa mwendo huo mtu angetoka bandari ya Itungi hadi ncha ya kusini ya ziwa kwa dakika 25 hivi. Sauti iliyomwelekeza hatua kwa hatua katika redio ilikuwa ya mzee Kittinger, aliyekuwa na miaka 84. Baumgartner alifariki Julai 2025, Italia, akiruka na mwavuli wenye injini.

Miaka miwili baada ya Baumgartner, bila kelele, Alan Eustace, kiongozi katika kampuni ya Google, alining'inia chini ya puto akiwa na vazi lake tu, bila chumba wala kikapu. Alikuwa na miaka 57. Tarehe 24 Oktoba 2014 aliachia akiwa mita 41,419. Ipange milima ya Rungwe kumi na minne, mmoja juu ya mwingine, utakipata kimo hicho.

Rekodi iliyowekwa Tanzania

Februari 2015, Mrusi Valery Rozov alipanda Kilimanjaro kwa miguu, akavaa vazi lenye mbawa, akajirusha kutoka ukuta wa magharibi wa Kibo, takriban mita 5,460. Hapakuwa na ndege wala puto, bali mwamba na miguu yake. Miaka miwili baadaye alipoteza maisha katika mruko kama huo huko Nepal.

Mlima huo ulikuwa na rekodi nyingine. Mwaka 1974 Alan na Joan Root kutoka Kenya walikuwa wa kwanza kuvuka juu yake kwa puto la hewa moto. Alan alikuwa ameonja maputo mapema: mwaka 1962 aliondoka Zanzibar pamoja na Anthony Smith na Douglas Botting katika puto lililoitwa Jambo, wakavuka bahari hadi bara.

Safari ndefu iliyokuwa ije kwetu

Novemba 1917 Wajerumani walituma meli kubwa ya angani, L59, kutoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na tani zipatazo 15 za risasi na dawa za kikosi cha kamanda wao Lettow-Vorbeck kusini mwa Tanganyika ya leo. Haikutarajiwa kurudi. Kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo. Ilipofika magharibi ya Khartoum ilipokea habari kwa redio kwamba eneo la kutua limeshapotea, ikageuza. Ilirejea Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kutua, karibu urefu wa Ziwa Nyasa mara kumi na mbili. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

   

Walioruka kutoka chini zaidi

Kwa askari, kimo kikubwa ni hatari kwa sababu mtu hewani ni shabaha. Tarehe 24 Novemba 1964, Wabelgiji 320 walirushwa juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwafuata mateka wa waasi wa Simba. Tarehe 19 Mei 1978 ilikuwa zamu ya Kolwezi, jimbo la Shaba, katika Zaire, Kongo ya leo. Askari wa kikosi cha kigeni cha Ufaransa walivaa miavuli ya Kimarekani ya jeshi la Zaire, na kwa kuwa vishikizo havikulingana na mizigo yao, wengine waliifunga kwa waya. Waliachiwa kutoka takriban mita 250. Kimo hicho ukikizamisha katika kina kikubwa cha Ziwa Nyasa, kinabaki zaidi ya nusu ya maji.

Wengi zaidi, mara nyingi zaidi, wazee zaidi

Wakongwe waliruka na miavuli ya duara iliyonunuliwa kwenye mabaki ya jeshi, buti nzito miguuni na mwavuli wa akiba tumboni. Ulitua pale upepo ulipotaka. Miaka ya 1960 Domina Jalbert alibuni mwavuli wa mstatili wenye mifuko inayojaa hewa, unaopaa na kukata kona. Baadaye Bill Booth akaleta pete tatu za kuachia mwavuli uliokwama, na miaka ya 1980 ukaja mwavuli wa watu wawili. Mtalii anayeruka Diani, Kenya, leo amefungwa kifuani kwa mwalimu, ilhali mwanafunzi wa zamani aliruka peke yake mara ya kwanza. Mrukaji wa Kyela angepata nafuu nyingine: tambarare ya chini ina hewa nzito kuliko Mbeya mjini, iliyo karibu mita 1,700, kwa hiyo mwavuli ule ule humshusha polepole zaidi.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyozaa rekodi za wingi. Tarehe 8 Februari 2006, warukaji 400 kutoka nchi zaidi ya 30 walishikana hewani juu ya Udon Thani, Thailand, kwa sekunde 4.25. Septemba mwaka huo Mmarekani Jay Stokes aliruka mara 640 ndani ya saa 24, wastani wa mruko mmoja kila dakika mbili na robo.

Uzee nao una mashindano yake. Mzee Alfred Blaschke wa Texas aliruka mwaka 2020 akiwa na miaka 103, kusherehekea wajukuu wake mapacha waliohitimu chuo. Mwaka 2022 Bibi Rut Larsson wa Sweden, naye wa miaka 103, akamzidi kwa siku. Mzee hakukubali. Novemba 2023, akiwa na miaka 106, aliruka tena na kuichukua rekodi yake.

Bila mwavuli

Tarehe 26 Januari 1972 Vesna Vulović, mhudumu wa ndege wa Yugoslavia, alianguka mita 10,160 ndani ya kipande cha ndege iliyolipuka juu ya Chekoslovakia, akapona. Yeye hakuchagua. Luke Aikins alichagua: Julai 2016 aliruka kutoka mita 7,600 na kuangukia wavu wa mita 30 kwa 30.

Kozi humshinda mrukaji wa kawaida katika mbio. Mwaka 1999 mrukaji Ken Franklin alishuka pamoja na kozi wake wa kufugwa, akapima kasi yake: kilomita 389 kwa saa.

Nani wa kwanza?

Kwa kimo ni Eustace, kwa kasi ni Baumgartner. Lakini nafasi ya kwanza apewe Kittinger. Alipanda kutafuta njia ya kuwaokoa marubani wengine, na alipofika mtu wa kumvunjia rekodi, yeye ndiye aliyemshika mkono katika redio. Zaidi ya hayo, kila alichokiona kiliandikwa: glavu, kamba ya shingoni, hata karatasi ya mtoto. Ndiyo maana tunamjua.

Kwetu pia wapo wazee waliowahi kuvaa mwavuli wa kijeshi na kusimama mlangoni mwa ndege wakisubiri amri. Kama una babu au baba wa namna hiyo, mwulize sasa, angali ana nguvu za kusimulia: aliruka wapi, mwaka gani, mwavuli ulikuwa wa umbo gani, na nani alikuwa nyuma yake. Andika majibu, weka tarehe.